Jinsi ya Kuandaa Mhadhara wa Heshima wa Kila Mwaka wa Hadubini na Sayansi ya Seli Jijini Mwanza: Mwongozo Kamili

Tarehe 22 Machi 1961, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London. Alieleza uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtaalamu wa hadubini ya elektroni (inayotumia elektroni badala ya mwanga), aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku. Alikuwa ameona tangazo la mhadhara, akaenda. Baada ya hapo vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watoto wenye uvimbe huo wanatibiwa mpaka leo katika hospitali za Kanda ya Ziwa, Bugando ikiwemo.

Naanza na habari hiyo kwa kuwa inaonyesha kazi halisi ya mhadhara: kumkalisha mwenye tatizo na mwenye chombo katika chumba kimoja. Mwanza ina watu wa aina zote mbili. Kuna Hospitali ya Kanda ya Bugando na chuo chake cha CUHAS, kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Nyegezi, kuna walimu wa baiolojia na wavuvi wa mialo yote ya Ghuba ya Mwanza. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuwakutanisha mara moja kila mwaka, kwa heshima inayostahili, na kwa namna ambayo mwaka wa kumi utafika.

Hatua ya 1: Jina, hati na kamati

Mhadhara wa heshima unaheshimu mara mbili: kwa jina unalolibeba, na kwa mtu anayealikwa kuutoa. Wasomi wetu wanaijua mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika sayansi ya vitu vidogo, Royal Society ya Uingereza ina Mhadhara wa Leeuwenhoek tangu 1950. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, hakusoma chuo kikuu, lakini mwaka 1676 aliandika barua akieleza viumbe hai alivyoviona ndani ya maji kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe. Wamarekani, kupitia chama chao cha baiolojia ya seli, wana mhadhara unaobeba jina la Keith Porter, ambaye mwaka 1945, pamoja na Albert Claude na Ernest Fullam, alichapisha picha ya kwanza ya seli nzima iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni.

Kwa hapa kwetu ningeshauri jina la mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia. Si lazima awe profesa. Mtaalamu wa maabara aliyesoma slaidi za malaria na makohozi ya kifua kikuu maisha yake yote ya kazi, akafundisha vijana kufanya hivyo kwa usahihi, ana haki ya kukumbukwa kuliko kiongozi aliyekata utepe wa jengo. Familia yake iombwe ridhaa kwa maandishi, na ialikwe kila mwaka kukaa viti vya mbele. Jina la mfadhili msilitumie kabisa: akisitisha fedha, mhadhara unabaki bila jina. Na kama kamati haikubaliani juu ya mtu, tumieni jina la mahali mpaka makubaliano yapatikane.

Andikeni hati ya ukurasa mmoja. Iseme lengo, taasisi mwenyeji, namna mzungumzaji anavyochaguliwa, na anachopewa, iwe medali au cheti. Iwe na kifungu kwamba mjumbe wa kamati hawezi kuchaguliwa kuzungumza akiwa bado mjumbe; bila kifungu hicho, miaka mitatu ya mwanzo italeta maneno.

Kamati iwe ya watu watano hadi saba. Wawili kati yao wawe watu ambao kwa kawaida husahaulika: mtaalamu wa maabara anayeshika hadubini kila siku, na mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Hao ndio watakaosema mapema kwamba mada fulani haitaeleweka, au kwamba wiki fulani kidato cha sita wana mtihani.

Hatua ya 2: Tarehe isiyohama

Mhadhara wa kila mwaka huishi kwa tarehe yake. Chagueni siku inayojirudia na mwisho wa ubishi. Pendekezo langu ni Alhamisi ya mwisho ya Januari. Ijumaa mchana ni sala ya Waislamu, Jumamosi ni sabato ya Waadventista, nao ni wengi ukanda huu wa ziwa, Jumapili inajulikana. Tarehe 30 Januari ni Siku ya Kimataifa ya Magonjwa Yasiyopewa Kipaumbele, ambayo ndani yake kuna kichocho, kwa hiyo wataalamu wa afya tayari wana jambo la kuzungumza. Masika yanakuwa hayajaanza. Angalieni tu kalenda ya Ramadhani, maana inasogea kila mwaka, na muda wa kufuturu haupangiwi hotuba.

Wageni wa visiwani wana hesabu yao. Mwalimu na wanafunzi wa Ukerewe wakikaa hadi mhadhara uishe jioni hawatarudi Nansio siku hiyo, kwa hiyo bajeti iwe na malazi yao tangu mwanzo. Wanaotoka Sengerema wamepata nafuu kubwa tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwani hawasubiri tena kivuko.

Hatua ya 3: Mzungumzaji

Mwalikeni miezi tisa au kumi kabla. Msitafute jina kubwa kwanza. Tafuteni mtu ambaye picha zake zinajibu swali linalowahusu watu wa ziwa hili. Mifano iko mingi. Mtafiti wa macho ya furu, samaki wadogo wa ziwa hili, kwa mfano. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wao kutoka visiwa vya Ghuba ya Mwanza. Walionyesha kwamba furu wa kina tofauti wanatofautiana katika protini za seli za jicho zinazopokea mwanga, na kwamba madume wa kina kifupi ni wa buluu na wa chini zaidi ni wekundu. Pale maji yalipochafuka sana, tofauti hiyo ilipotea. Fikiria mada hiyo ikitolewa mbele ya wavuvi waliowavua furu tangu utoto.

Mada nyingine nzuri ni mayai ya kichocho na namna seli za mwili zinavyoyazingira, au seli za uvimbe wa Burkitt. Au hadubini zenyewe. OpenFlexure, hadubini inayochapwa kwa printa ya 3D na kuendeshwa na kompyuta ndogo, imetengenezwa na watafiti wa Uingereza wakishirikiana na Watanzania, wakiwemo Taasisi ya Afya Ifakara na STICLab ya Dar es Salaam. Mtu wa kazi hiyo akija, wanafunzi wataona kwamba chombo nacho kinaweza kutengenezwa hapa nchini.

Ningebadilishana: mwaka mmoja mzungumzaji wa Afrika Mashariki, mwaka unaofuata wa mbali. Na kila mwaka muwe na mzungumzaji wa akiba, anayejua kwamba yeye ni wa akiba na ambaye ameandaa mada. Ndege hukosa kuruka na watu huugua.

Barua ya mwaliko iseme wazi mambo haya: tarehe, urefu wa mhadhara (dakika 45, si zaidi), nani analipa nini, na kwamba heshima hii ina kazi tatu ndani yake. Ya kwanza ni mhadhara wa hadhara. Ya pili ni nusu siku ya kukaa na wataalamu wa maabara na kuangalia slaidi zao ngumu pamoja nao. Ya tatu ni kutembelea shule moja, iwe Nsumba, Bwiru, Nganza au nyingine kwa zamu. Asiyekubali kazi ya pili na ya tatu, mshukuruni na muendelee na mwingine. Kwa maoni yangu, ile nusu siku ya maabara ndiyo inayoacha faida ndefu zaidi kuliko hotuba yenyewe.

Kwa mgeni wa nje, ulizeni Idara ya Uhamiaji mapema ni viza gani inamfaa kwa kazi mnayomwitia, mkiwa na barua ya mwaliko mkononi. Kama anakusudia pia kukusanya data au sampuli, hilo si suala la mhadhara tena. Linahitaji kibali cha utafiti kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na sampuli za binadamu hazitoki nchini bila mkataba unaopitia NIMR. Mwambieni kabla hajafunga sanduku.

Hatua ya 4: Lugha

Hapa simung'unyi maneno: mhadhara wa hadhara Mwanza utolewe kwa Kiswahili, au utafsiriwe kwa Kiswahili ukumbini. Mgeni akizungumza Kiingereza, mkalimani awe mtu wa sayansi, apewe picha zote wiki mbili kabla, na wakutane kwa video angalau mara moja. Pamoja waandike orodha ya istilahi kama thelathini: seli, kiini, utando, vimelea, chembe nyeupe za damu, na kadhalika. Orodha hiyo ichapwe nyuma ya ratiba anayopewa kila mtu mlangoni. Tafsiri huongeza muda karibu mara mbili, kwa hiyo dakika 45 za mhadhara ziwe na maneno ya dakika 25.

Hatua ya 5: Fedha

Gawanyeni mafungu mawili. Fungu la mwaka ni nauli, malazi, ukumbi, chai, uchapaji, mafuta ya jenereta. Fungu la kudumu ni medali na akiba ya mwaka ujao. Kila mwaka kiasi kiingie humo hata kama ni kidogo. Taasisi mbili zikigawana gharama, moja ukumbi na nyingine nauli, mzigo unabebeka. Posho za kukaa vikao vya kamati ziondoeni kabisa tangu mkutano wa kwanza. Waulizeni pia mabaraza ya kitaaluma kama mhadhara unaweza kuwapa wahudhuriaji pointi za mafunzo endelevu; wauguzi, madaktari na wataalamu wa maabara wanazihitaji, nanyi mtapata watu bila kutumia fedha.

Hatua ya 6: Picha

Mhadhara wa hadubini husimama au huanguka kwa picha, na ukumbi wa projekta ya kawaida huua picha nzuri. Mtumieni mzungumzaji maelekezo haya mwezi mmoja kabla.

Kila picha iwe na mstari wa kipimo ndani yake, kwa mfano mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kuandika "imekuzwa mara 400" hakuna maana, kwani picha ikirushwa kwenye ukuta wa mita tatu ukuzaji wote umebadilika, ilhali mstari hukua pamoja na picha. Mara ya kwanza kipimo kitakapotajwa, kifungwe kwenye kitu kinachojulikana. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Yai la kichocho lina urefu wa takriban mikromita 140, yaani chembe kama ishirini zikipangwa mstari. Hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, yaani mikromita 0.2, kikomo ambacho Ernst Abbe alikieleza mwaka 1873. Msikilizaji akishika namba hizo tatu, ataelewa mwenyewe kwa nini Epstein alihitaji elektroni ili akione kirusi, kilicho kidogo kuliko kikomo hicho.

Picha za seli zilizotiwa rangi ya kung'aa zisitumie nyekundu na kijani pamoja, maana wapo wanaume wasiozitofautisha. Kijani na majenta (zambarau inayoelekea waridi) hutosha, na kila rangi ionyeshwe kwanza peke yake kwa nyeusi na nyeupe. Video ziwe ndani ya kompyuta na nakala kwenye flashi. Msitegemee intaneti ya ukumbi. Siku moja kabla, mmoja wenu akae kiti cha mwisho kabisa, taa za mbele zizimwe, na picha zote zipite. Asichokiona yeye kitolewe au kikuzwe.

Kuna picha ambazo lazima ziulizwe. Picha ya mgonjwa, hata ya taya tu, ni taarifa ya mtu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa na ulinzi wa taarifa za afya si hiari ya mtafiti. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Zaidi ya sheria, ukumbini anaweza kuwepo shangazi yake. Picha ya seli inatosha karibu kila mara.

Hatua ya 7: Meza za hadubini

Hii ndiyo hatua ambayo nisingekubali irukwe hata fedha zikiwa haba. Saa moja kabla ya mhadhara, watu waangalie kwa macho yao. Mtu aliyekwisha ona seli anasikiliza kwa masikio mengine kabisa.

Fanyeni hesabu kwanza. Watu 150, kila mmoja aangalie vitu vitatu, dakika moja kila kimoja: ni dakika 450. Hadubini kumi zinazitafuna ndani ya dakika 45. Hadubini tano hazitoshi, na foleni itakula mhadhara. Azimeni kutoka vyuoni na shuleni, kila moja ije na mtu wake anayeijua, naye airudishe mwenyewe.

Vya kuonyesha visitoke mbali. Ngozi nyembamba ya kitunguu. Seli za ndani ya shavu zilizotiwa rangi ya methilini bluu, ambazo kila mtu hushangaa kuziona kwa kuwa ni zake. Gamba la sato, lenye mistari ya ukuaji. Damu iliyokaushwa na kupakwa rangi ya Giemsa. Mayai ya kichocho ya aina zote mbili, la Schistosoma mansoni lenye mwiba ubavuni na la Schistosoma haematobium lenye mwiba mwishoni, yakiwa kwenye slaidi za kudumu zilizozibwa. Pembeni yake mtaalamu aeleze namna maabara inavyohesabu kwa njia ya Kato-Katz: kipimo cha kinyesi ni miligramu 41.7, na mayai yaliyoonekana huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa kila gramu. Wazazi huuliza maswali mengi sana hapo, kwa hiyo mpangieni mtu mvumilivu.

Maji ya ziwa ndiyo meza inayovuta watoto. Ndani yake kuna mwani, diatomu zenye ganda la silika, wadudu wadogo wanaoruka-ruka, na mara nyingi makundi ya Microcystis, bakteria wanaoyafanya maji ya ghuba yawe kijani kibichi na ambao baadhi yao hutoa sumu. Lakini maji ya ufukweni penye majani na konokono yanaweza kuwa na lava za kichocho zinazopenya ngozi. Chukueni maji kwa mtumbwi mbali na ufukwe, mchukuaji avae glavu ndefu, na mezani mtumishi peke yake ndiye adondoshe tone, naye akiwa na glavu. Sampuli mbichi za wagonjwa zisiletwe kabisa, wala za damu wala za kinyesi.

Kanuni chache za meza. Lenzi ya mafuta msiitumie kwa umma: mgeni akizungusha skrubu kubwa, slaidi inavunjika na lenzi inakwaruzika. Lenzi ya 40 inatosha. Vimelea vya malaria vinavyohitaji lenzi ya 100 viwekwe kwenye hadubini moja yenye kamera, ikiendeshwa na mtaalamu, picha ikionekana kwenye runinga. Simu iliyofungwa kwa kishikizo juu ya lenzi ya jicho hufanya kazi hiyo vizuri. Lenzi za macho zifutwe kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa spiriti kidogo kila kundi linapopita, na mwenye macho mekundu aelekezwe kwenye runinga. Muwe na stuli fupi kwa watoto. Kama mnaweza kupata Foldscope, hadubini ya karatasi iliyotangazwa na Manu Prakash na wenzake mwaka 2014, wapeni wanafunzi waikunje wenyewe.

Hatua ya 8: Ukumbi na itifaki

Umeme ukikatika katikati ya picha, dakika tano za giza hutosha kuwatoa watu nje. Jenereta iwashwe na kujaribiwa asubuhi, projekta na kompyuta zipite kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme, na hadubini nusu ziwe za taa ya betri au za kioo cha kuakisi mwanga, zipangwe dirishani. Usiku, taa za nje huvuta wadudu wa ziwani kwa wingi, hivyo maliza kabla giza halijaingia.

Kinachoua mihadhara yetu, hata hivyo, ni salamu. Mgeni rasmi, wawakilishi, wafadhili, utambulisho wa meza kuu, na mzungumzaji aliyesafiri siku mbili anapewa dakika ishirini saa kumi na mbili jioni. Heshima kwa viongozi ni ya lazima, na inaweza kutolewa bila kula muda wa sayansi. Wapelekeeni viongozi ratiba mapema kwa barua, ikionyesha salamu moja ya dakika tano kwa niaba ya wote. Waalikeni wapite kwanza kwenye meza za hadubini na wapigwe picha wakiangalia. Wengi hufurahia hilo kuliko kipaza sauti. Mshereheshaji awe mtu mwenye mamlaka ya kutosha kusema muda umekwisha.

Ratiba inayofaa ni hii: saa nane mchana meza za hadubini, saa tisa salamu na historia fupi ya mwenye jina, saa tisa na robo mhadhara, saa kumi maswali, saa kumi na nusu medali na chai. Maswali matatu ya kwanza wapewe wanafunzi, mtaalamu wa maabara na mvuvi, kwa mpangilio huo. Wakubwa watauliza tu.

Hatua ya 9: Tangazo

Karatasi moja, herufi kubwa, Kiswahili, yenye picha moja ya seli na swali moja: "Kwa nini maji ya ziwa yanabadilika kuwa kijani?" huvuta watu kuliko wasifu wa mgeni. Ibandikwe vyuoni, hospitalini, Mwaloni Kirumba na kwenye mialo. Redio za Mwanza nazo hupenda kumhoji mgeni asubuhi ya siku hiyo.

Hatua ya 10: Baada ya mhadhara

Ndani ya wiki moja kamati ikutane kwa saa moja. Rekodi iliyopewa ridhaa na mzungumzaji ihifadhiwe sehemu mbili, pamoja na orodha ya istilahi, ili kila mwaka iongezewe. Maswali yaliyokosa muda yapelekwe kwa mgeni kwa barua pepe na majibu yake yarudi shuleni. Wale waliobadilishana namba mezani, daktari na mtu wa hadubini, mwalimu na mtafiti wa samaki, watafuteni baada ya miezi mitatu muulize wamefikia wapi; kama kuna kazi iliyoanza, mzungumzaji wa mwaka ujao aitwe kwa ajili ya kazi hiyo. Slaidi zilizoonyeshwa ziwekwe kwenye sanduku lenye lebo, mbali na mwanga na unyevunyevu. Kisha, kabla kikao hakijafungwa, mpigieni kura mzungumzaji wa mwaka unaofuata, na barua yake iandikwe hapo hapo.